Chumvi kutoka Angani, Tindikali kutoka Ardhini: Asili ya Maji Makali ya Australia Magharibi

Mwaka 1924 mhandisi wa reli, W. E. Wood, alichapisha katika jarida la Royal Society of Western Australia makala ambayo wataalamu wa maji hawajaacha kuirejea hadi leo. Reli ya zama hizo ilikunywa maji mengi. Mabwawa na vijito vilivyokuwa vikitoa maji matamu ya boila za garimoshi viligeuka kuwa vya chumvi miaka michache baada ya pori la jirani kufyekwa, na maji ya chumvi hayana huruma na boila. Wood alieleza kilichokuwa kikitokea. Chumvi iliyoletwa na mvua kutoka baharini ilikuwa imelala udongoni muda mrefu, ikizuiwa na miti iliyofyonza karibu kila tone lililonyesha. Miti ilipoondolewa, maji yalishuka, yakaiyeyusha chumvi ile na kuibuka nayo bondeni. Karne nzima ya vipimo haijampindua.

Ila alieleza nusu ya jambo. Sehemu kubwa ya maji hayohayo ya chini ya ardhi, katika ukanda wa ngano ulio mashariki ya jiji la Perth na kuendelea hadi nchi ya dhahabu ya Kalgoorlie na Norseman, ina tindikali juu ya chumvi. Yapo maziwa huko yenye pH iliyo chini ya 2, karibu na 1.5 kwa yale makali zaidi, yaani ukali unaoshinda maji ya limau. Chumvi yake hukolea hadi kukaribia mara 9 ya ile ya bahari. Ziwa Magic, karibu na mji mdogo wa Hyden, ni mojawapo. Hakuna volkano hai karibu na maziwa hayo, wala kiwanda cha kulaumiwa, na kilomita chache tu kutoka ziwa la tindikali huweza kukutwa ziwa lingine lenye maji ya kawaida au hata ya alkali kidogo, likipigwa na jua lilelile na kunyeshewa mvua ileile.

Hoja ya makala hii ni kwamba chumvi na tindikali ya maji haya hazina asili moja, ingawa huchotwa kwa ndoo moja. Chumvi ilitoka angani. Tindikali ilizaliwa ardhini, na ikadumu kwa sababu alkali ambayo ingeituliza ilibaki mahali pengine. Uvukizi, ambao hutajwa kila mara kama ndio sababu, huzidisha tu kile kilichokuwamo; hauamui maji yawe ya aina gani. Aliyezichanganya asili hizi mbili amekosea tiba, na Australia yenyewe imelipa gharama ya kosa hilo.

Hesabu ya chumvi ni nyepesi, kwa hiyo itangulie. Upepo unaovuma kutoka Bahari ya Hindi na Bahari ya Kusini hupeperusha rasharasha za mawimbi. Matone hukauka yakiwa hewani, na chembe za chumvi zinazobaki husafiri bara na kushuka na mvua. F. J. Hingston na V. Gailitis, katika utafiti uliotoka mwaka 1976, walipima chumvi inayoshuka namna hii katika Australia Magharibi. Pwani huzidi kilo 100 kwa hekta kwa mwaka; bara hupungua hadi karibu kilo 20. Kilo 20 zikitawanywa juu ya hekta nzima hakuna ulimi utakaozionja. Lakini kilo 20 kwa mwaka ni tani 200 katika miaka 10,000, na miaka 10,000 si kitu katika jukwaa la mwamba la Yilgarn, lililo chini ya nchi hiyo, ambalo granaiti na nisi zake nyingi zina umri unaopita miaka bilioni 2.5. Visima vya utafiti katika ukanda wa ngano vimekuta mamia ya tani za chumvi chini ya hekta moja. Kwa kiwango hicho, mvua peke yake inatosha. Hakuna haja ya kuzua bahari ya kale.

Bahari ya kale ina wapenzi wake hata hivyo, na si bila sababu yoyote. Karibu miaka milioni 40 iliyopita bahari iliingia katika mabonde ya kusini na kufika eneo la Norseman, ikaacha mashapo yake. Kinachoiondoa katika maelezo ya jumla ni bromidi. Katika maji ya bahari, kloridi huzidi bromidi karibu mara 290 kwa uzito. Chumvi inapoganda kuwa fuwele huibagua bromidi na kuiacha majini, hivyo maji yaliyoyeyusha tabaka la kale la chumvi mwamba huwa na uwiano mkubwa zaidi, mara nyingi wa maelfu. Maji ya chini ya ardhi ya Yilgarn, yawe mepesi ya kunyweshea kondoo au mazito kupita bahari, hukaa karibu na uwiano wa bahari. Hiyo ni alama ya rasharasha za mawimbi zilizokolezwa na ukame.

Kukolea kwenyewe hakuna fumbo. Nchi ni tambarare mno. Mito ya kale iliyopita hapo wakati hali ya hewa ilikuwa ya mvua nyingi imekufa, mabonde yake yamejaa mashapo, na kilichobaki juu ya ardhi ni misururu ya maziwa yasiyo na mahali pa kutolea maji. Mvua ya mwaka katika ukanda wa ngano ni kama milimita 300 hadi 500, wakati jua na upepo vina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000. Kiingiacho bondeni hakitoki ila kwa njia ya mvuke, na mvuke haubebi chumvi.

Tindikali ndiyo ngumu.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi huanzia kwenye chuma. Ndani ya maji yasiyo na oksijeni, chuma hukaa katika hali yake ya feri, kimeyeyuka, hakionekani. Maji hayo yakifika mahali penye hewa, oksijeni hukigeuza kuwa feriki, hali isiyoweza kukaa majini, nacho huanguka kama kutu. Kila atomi ya chuma inayofanya hivyo huacha nyuma ioni 2 za haidrojeni, na ioni za haidrojeni ndizo tindikali. Robert Brinkman, mtaalamu wa udongo kutoka Uholanzi, aliupa mchakato wa namna hii jina la feroliza mwaka 1970 alipokuwa akichunguza udongo unaofurika na kukauka kwa misimu. Mwaka 1983 A. W. Mann aliutumia kueleza maji ya Yilgarn: chuma huyeyuka kwenye mwamba ulio chini kabisa, husafiri na maji hadi kwenye kingo za maziwa, kisha huoza hewani na kuyafanya maji kuwa makali.

Vitabu vingi huishia hapo. Lakini hesabu haijafungwa. Chuma hakiingii majini bure. Madini ya mwamba kama biotiti na amfiboli yanapoachia chuma cha feri, hutumia ioni 2 za haidrojeni kwa kila atomi, zilezile 2 zitakazorudishwa chuma kikiwa kutu. Deni na malipo vinalingana. Kama maji yaliyoyeyusha chuma yangefika ziwani na kila kitu yalichokiokota njiani, yangefika pia na bikaboneti iliyotokana na kuoza kwa mwamba, na bikaboneti hiyo ingemeza tindikali yote. Ziwa lingekuwa jekundu kwa kutu na pH yake ingebaki karibu na 7. Kwa hiyo swali la kweli si mahali ilikotoka tindikali. Swali ni mahali ilikokwenda alkali.

Jibu, kwa maoni ya makala hii, linaonekana kwenye ramani. Kaskazini ya Kalgoorlie kuna mji unaoitwa Menzies, na wanajiolojia huchora karibu nao mstari unaokata jukwaa la Yilgarn kutoka mashariki hadi magharibi, kwenye latitudo ya kati ya nyuzi 29 na 30 kusini. Miamba ya pande zote mbili za Mstari wa Menzies ni ya jamii moja: granaiti, nisi, na mikanda ya mawe ya kijani yenye dhahabu. Mengine yote hubadilika. Kaskazini kuna migunga aina ya mulga, maji ya chini ya ardhi yana chumvi kidogo na pH ya wastani, na kaboneti ya kalsiamu imejikusanya chini kabisa mwa mabonde, mahali maji yanapotiririkia. Katika tabaka la namna hiyo, huko Yeelirrie, iligunduliwa hazina kubwa ya urani. Kusini kuna mikaratusi, maji ni ya chumvi nyingi na mara nyingi ya tindikali, na kaboneti haiko bondeni bali juu, ndani ya udongo, katika mita moja au mbili za kwanza.

Tofauti hiyo ya mahali pa kaboneti ndiyo inayofunga hesabu. Upande wa kusini mvua hunyesha zaidi majira ya baridi, na mizizi ya mikaratusi hukausha maji kabla hayajashuka. Kalsiamu na bikaboneti huganda kuwa chokaa palepale juu. Maji machache yanayoponyoka na kushuka chini huwa yamenyang'anywa alkali yake. Yana sodiamu, kloridi na salfeti, na hayana mlinzi. Yakikutana huko chini na chuma kisha yakaibukia penye hewa, hakuna cha kuyatuliza. Kaskazini mvua za kiangazi hubeba alkali hadi bondeni, na hapo tindikali ya chuma hufa mara inapozaliwa. Ipo nafasi ya kupinga sehemu ya tafsiri hii, kwani mimea, msimu wa mvua na umri wa ardhi vyote hubadilika kwenye mstari uleule na si rahisi kuvitenganisha. Lakini mwamba, ambao wengi hukimbilia kuulaumu kwanza, ndio pekee usiobadilika.

Lipo dai mbadala: tindikali hutoka kwenye sulfidi, hasa piriti, ambayo ikipata oksijeni hutoa tindikali kali ya salfa, kama migodi mingi duniani inavyojua. Sulfidi zipo kwenye mikanda ya mawe ya kijani, na zipo pia kwenye tabaka za makaa laini ndani ya mabonde ya mito ya kale, kwa hiyo dai si la kupuuzwa. Hata hivyo, mwaka 1992 Charles Alpers na wenzake walichunguza madini ya aluniti na jarositi yaliyoganda katika maziwa ya tindikali ya Australia, na isotopu za salfa walizopima ziliafikiana na chumvi ya bahari iliyoletwa na upepo na mvua. Piriti ingekuwa chanzo kikuu, salfa hiyo ingebeba alama nyingine. Piriti inachangia hapa na pale. Haitoshi kueleza eneo zima.

Aluniti na jarositi zenyewe zinastahili maneno machache zaidi, kwa sababu ni hati ya ushahidi. pH ikishuka chini ya 4 na kidogo, udongo wa mfinyanzi wa kaolini huanza kuyeyuka na kutoa aluminiamu. Kuyeyuka huko humeza tindikali, na ndiyo maana maji mengi ya chini ya ardhi ya eneo hilo hukaa kwenye pH ya 3 au 4 bila kushuka zaidi. Kisha aluminiamu huungana na potasiamu na salfeti kuwa aluniti. Chuma cha feriki hufanya hivyohivyo kuwa jarositi. Kuganda kwa madini haya hurudisha tena tindikali majini: kila molekuli ya jarositi inayoganda huachia ioni 6 za haidrojeni. Kwa hiyo maji ya pH 3.5 yaliyotoka ardhini yanaweza kufika 2 au chini yake yakianikwa juani ziwani. Hapo ndipo uvukizi unapopata heshima yake, ukiwa umekuja mwisho. Katika Ziwa Tyrrell, jimbo la Victoria, upande wa pili wa bara, mambo yanaonekana waziwazi: maji ya tindikali hutoka kwenye mchanga wa pembezoni, hukutana na maji mazito ya ziwa, na madini haya huganda kwenye mpaka wa mawili hayo.

Jarositi haidumu penye maji ya alkali. Ndiyo maana gari la Opportunity lilipotua katika uwanda wa Meridiani kwenye sayari ya Mirihi mwezi Januari 2004 na kukuta jarositi ndani ya mawe ya salfeti, macho ya wanajiolojia yaligeukia Australia Magharibi. Kathleen Benison na Brenda Bowen wamekuwa wakisoma maziwa ya huko kwa jicho hilo. Benison alikuwa na sababu ya zamani zaidi: mwaka 1998 yeye na wenzake waliripoti katika jarida la Nature kwamba matone ya maji yaliyonaswa ndani ya fuwele za chumvi za kipindi cha kijiolojia cha Permi, huko Marekani, yalikuwa na tindikali kali kupita kiasi. Maziwa ya namna hii si kioja cha bara moja wala cha zama moja. Na hayako matupu. Mwani na vijiumbe vinavyohimili chumvi na tindikali kwa pamoja vinaishi humo, na Australia ina kamba wadogo wa jenasi ya Parartemia, mmoja wao akiitwa acidiphila, mpenda tindikali.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza, na ana haki: mbona maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa ni kinyume kabisa? Magadi na Natron yana pH ya karibu 10 au zaidi. Jua ni kali vilevile, mabonde hayana mahali pa kutolea maji vilevile. Kama uvukizi ndio ungeamua, maziwa haya yangefanana na ya Yilgarn.

Mwaka 1970 Lawrence Hardie na Hans Eugster, wakijenga juu ya kazi ya Robert Garrels na Fred Mackenzie ya mwaka 1967, walionyesha kwamba hatima ya ziwa la chumvi hukatwa mapema sana, maji yakiwa bado karibu matamu. Kitu cha kwanza kuganda maji yanapokolea ni kaboneti ya kalsiamu. Kama maji yalianza na kalsiamu nyingi kuliko bikaboneti, bikaboneti humalizika na kalsiamu hubaki. Kama yalianza na bikaboneti nyingi kuliko kalsiamu, kalsiamu humalizika, na kinachobaki huendelea kukolea kuwa soda. Tofauti ndogo mwanzoni, ambayo mpimaji asiye makini angeipuuza, huishia kuwa mbingu na ardhi. Eugster aliijua Magadi kwa karibu. Ni yeye aliyeeleza madini ya magadiiti mwaka 1967. Huko miamba ni lava changa yenye sodiamu tele, gesi ya kaboni dioksaidi hupanda kutoka chini, na chemchemi za moto, baadhi zikipita nyuzi 80, huleta majini sodiamu na bikaboneti bila kukoma. Ziwa huganda kuwa trona, ile soda inayochimbwa na kampuni ya Magadi, iliyoundwa mwaka 1911. Chuma hakina nafasi ya kufanya fujo: kikitoka tu, alkali hukizika.

Kwa hiyo Magadi na Yilgarn ni kurasa mbili za daftari lilelile la hesabu. Kwenye moja alkali ilizidi na ikakusanyika. Kwenye nyingine ilibaki njiani.

Kuna maziwa ya tindikali yanayoonekana kuipinga hoja hii, na Dallol ndilo la kwanza kutajwa. Liko Ethiopia, katika bonde la Danakil, zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, na maji yake yamepimwa pH iliyo chini ya sifuri. Hapo kweli joto la magma na gesi zake hufanya kazi, vikipanda kupitia tabaka nene la chumvi iliyoachwa na bahari. Katika Andes ya kaskazini mwa Chile, maziwa ya Gorbea na Ignorado yana tindikali kutokana na salfa ya miamba ya volkano, kama François Risacher na wenzake walivyoonyesha mwaka 2002. Mifano hii haivunji hoja. Inaithibitisha kwa mlango mwingine. Huko pia chumvi na tindikali vina vyanzo viwili, na huko pia tindikali hushinda mahali ambapo mwamba umekwisha kuchoshwa na hauna alkali ya kutoa. Ipo tahadhari moja ya kiufundi: kipimo cha kioo kinachotumika kupima pH kilisanifiwa kwa maji mepesi, na ndani ya maji mazito ya chumvi namba yake haimaanishi kilekile inachomaanisha ndani ya maji ya mto. Namba za chini ya sifuri zisomwe kwa adabu.

Linalobaki ni uzito wa jambo hili kwa wanaoishi juu ya maji ya Australia Magharibi. Ufyekaji ulioanza kwa shoka uliendelea kwa matingatinga, na katika miaka ya 1960 serikali ya Australia Magharibi ilikuwa ikigawa ardhi mpya kwa kasi ya ekari milioni 1 kwa mwaka. Ngano ina mizizi mifupi na huishi miezi michache. Maji yaliyokuwa yakishuka chini kwa kiasi kisichofika milimita moja au mbili kwa mwaka yaliongezeka hadi makumi ya milimita, kina cha maji kikapanda, na yalipokaribia mita 2 kutoka juu ya ardhi udongo wenyewe ukaanza kuyafyonza kwenda juu na kuyaacha yakauke. Zaidi ya hekta milioni 1 kusini magharibi mwa jimbo zimeharibiwa na chumvi.

Wakulima walifanya ambalo mkulima yeyote angefanya: walichimba mitaro. Maelfu ya kilomita za mitaro ya kina cha mita 2 hadi 3 zimechimbwa katika ukanda wa ngano ili kuvuta maji ya chumvi na kuyashusha. Kwa upande wa chumvi mantiki haina kasoro. Kwa upande wa tindikali, mtaro ni mlango uliofunguliwa kwa oksijeni. Maji yaliyokuwa yametulia gizani na chuma chake cha feri hukutana na hewa kwa mara ya kwanza, kutu hujaa mtaroni, na kinachotoka upande wa pili mara nyingi ni maji ya pH kati ya 2 na 4 yenye aluminiamu, risasi, zinki, nikeli na hata metali adimu za ardhini. Mtaro ulioponya shamba moja hupeleka sumu kwenye ziwa au kijito cha jirani. Waliosanifu mitaro ya mwanzo walipima chumvi. Ualkali haukuwa kwenye orodha yao.

Tiba inayojaribiwa ni chokaa, kwa maana ya kurudisha kwa mikono ile alkali ambayo mikaratusi iliizuia juu. Nayo ina mitego. Vipande vya mawe ya chokaa vikiwekwa ndani ya maji yenye chuma na aluminiamu nyingi hufunikwa haraka na ganda la kutu na jasi, na ndani ya ganda hilo chokaa huacha kufanya kazi. Wachimba dhahabu wa Kalgoorlie walijifunza somo la jirani na hilo. Viwanda vyao hutumia maji mazito ya mabonde ya kale, na sianidi inayoyeyusha dhahabu hugeuka gesi ya sumu pH ikishuka, hivyo huongeza chokaa. Lakini maji hayo yamejaa magnesiamu, ambayo hula chokaa ikiganda na kuzuia pH isipande. Gharama hiyo hulipwa kila siku.

Afrika nayo ina mfano wake, na ni mchungu zaidi. Katika bonde la mto Casamance, Senegal, ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliufanya mto kuwa na chumvi kupita bahari sehemu za juu, na matope ya mikoko, ambayo huhifadhi piriti salama maadamu yamezama, yalikauka. Piriti ikapata hewa. Mashamba ya mpunga yaliyokuwa na tatizo la chumvi yakawa na tatizo la tindikali pia, na miradi ya kukausha ardhi ya mikoko ili kuondoa chumvi iliongeza ukali badala ya kuupunguza. Matope ya mikoko ya mwambao wa Kenya na Tanzania hufuata kemia hiyohiyo. Anayepanga mabwawa ya kamba au ya chumvi juu yake achimbe sampuli kwanza na kuziacha zikauke hewani, aone pH inaangukia wapi.

Bara, hatari ina sura nyingine lakini inatoka kwenye daftari lilelile. Maji ya alkali ya maeneo ya volkano, kama yale ya kuzunguka mlima Meru, hupoteza kalsiamu yake mapema, na kalsiamu ndiyo ambayo ingeganda na floridi na kuiondoa majini. Isipokuwapo, floridi hubaki na kupanda. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Arusha vimepita hapo mara kadhaa, na meno ya watoto yanasema hivyo. Maji ya alkali hubeba floridi, maji ya tindikali hubeba aluminiamu na risasi, na yote mawili yanaweza kuwa na chumvi kiasi kilekile kwenye kipimo cha upitishaji umeme.

Kipimo hicho, pamoja na pH ya siku ya kwanza, ndicho ambacho miradi mingi ya visima huridhika nacho. Havitoshi. Maji yenye chuma cha feri yanaweza kusoma pH 6 yanapotoka bombani na kusoma 3 baada ya wiki moja ndani ya tangi. Halmashauri na mamlaka za maji za eneo letu zidai kwamba kila ripoti ya kisima kirefu chenye maji ya chumvi iwe na ualkali, chuma, kalsiamu, salfeti na floridi, na pH ipimwe mara mbili: maji yanapotoka, na baada ya kuachwa hewani. Vipimo hivi ni vya gharama ndogo ukilinganisha na bei ya kuchimba kisima, na maabara za mikoa zina uwezo wa kuvifanya.